Kikombe cha Saa Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi navua vipokea sauti,
namwachia Gyöngyi wa zamu ya mchana, bado vina joto.
Usiku kucha nimekuwa sikio la Debrecen:
mzee amekwama bafuni, mkate umemkaba mtu,
mke anataja jina la mtaa huku akilia,
nami namwuliza polepole, kama karani wa posta:
Anapumua? Tazama kifua. Kinapanda?
Kisha gari linafika, simu inakatika,
na mwisho wa hadithi siambiwi.

Hilo ndilo sikumwambia daktari.
Si damu. Damu siioni.
Ni hadithi zisizo na mwisho:
zinapanda nami tramu namba mbili,
zinakaa viti vya mbele,
zinateremka ninapoteremka.

Nyumbani, juu ya friji, ipo palinka ya baba mkwe,
ya plamu, aliipika mwaka ule wa mvua nyingi.
Etelka hupika jamu ya plamu za mti huohuo.
Ndugu wa tumbo moja hawa:
mmoja anakaa kwenye mkate wa watoto,
mwingine anakaa juu, ananisubiri mimi.

Mwanzoni nilitumia gilasi ya babu,
ndogo, kimo cha kidole gumba.
Moja tu. Ya kulalia.
Na kweli ilifanya kazi, sitasema uongo:
mabega yalishuka, taya zikalegea,
nikalala kama gunia lililotuliwa.
Kufika Februari gilasi ikavunjika
(iliteleza; Etelka ana maoni yake)
nikahamia kikombe cha kahawa.
Kikombe kina heshima zake.
Mtoto akipita atadhani baba anakunywa chai.

Lakini palinka si rafiki, ni mkopeshaji.
Inakupa usingizi saa moja,
saa nne ipo mlangoni na daftari:
lete moyo unaodunda, lete jasho la shingo,
lete hasira, uwagawie wanao.
Miaka miwili nililala kwa mkopo,
na riba ilizaa riba.

Novemba, usiku wa Jumanne, akapiga mtoto.
Sauti kavu. Hakulia.
Baba ameanguka jikoni.
Nikauliza ninavyouliza. Anapumua.
Una miaka mingapi? Tisa.
Amekunywa kitu?
Akafikiri. Nikasikia friji yao ikinguruma.
"Kidogo tu," akasema. "Ya kulalia."

Maneno yangu, kinywani mwa mtoto wa mtu.

Nikamwambia mgeuze alale ubavu,
mshike mkono, tusubiri wote.
Tukasubiri. Akaniuliza kama nina watoto.
Wawili, nikasema. Akauliza kama wamelala.
Gari likafika. Simu ikakatika.

Ningependa kusema asubuhi ile niliimwaga yote kwenye sinki.
Sikuimwaga.
Nilikaa mezani na kikombe kimejaa,
koti bado mwilini,
mpaka Etelka akaamka, akakinusa, asiseme neno.
Akavuta kiti.
Nikamhadithia mzee wa bafuni. Nikamhadithia mkate.
Nilipofika kwa mtoto sauti ikaniishia.
Na mwisho wake? akauliza.
Sijui.
Haya, akasema, na mimi sijui,
akakata mkate, akapaka jamu, akanisogezea.
Kikombe kilikuwa kati yetu, jua likaingia ndani yake.
Nilitaka kusema kilipoa, ila palinka haipoi;
kilikaa tu.

Daktari ameniandikia namba kwenye karatasi:
kikundi, ghorofa ya pili, kila Alhamisi.
Karatasi imekunjwa mara nne mfukoni mwa koti.
Mimi ninayepokea simu za mji mzima
bado sijui mtu akipokea
nianze na neno gani.